Sifongo, Konyeza na Swali la Nasaba

Sifongo na konyeza wote huhesabiwa wanyama, lakini wataalamu wa uainishaji huwaweka katika faila mbili zilizo mbalimbali. Sifongo ni wa Porifera, jina lenye maana ya wabeba matundu, na spishi zao zinazojulikana zinapita 9,000. Konyeza, matumbawe na haidra ni wa Knidaria, kundi lenye spishi zaidi ya 10,000, ambalo jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki la mmea unaowasha. Mswahili angesema wanyama wa upupu, na angekuwa amelifasiri sawasawa. Mpaka kati ya faila hizi mbili unaonekana kama shughuli ya maabara. Chini yake, hata hivyo, kuna swali lililowashughulisha wanafalsafa tangu Aristotle hadi Ibn Khaldun: kiumbe ahitaji kuwa na nini ndipo aitwe mnyama? Au pengine kuwa na kitu hakuhusiki kabisa, na kinachotakiwa ni kujua amezaliwa na nani?

Kiswahili chenyewe hakilikwepi swali hilo. Mnyama hupewa upatanisho wa viumbe hai: konyeza amemwasha mvuvi, kasa ametaga. Matumbawe, kwa upande wake, yamevunjika, na hakuna anayesema wamevunjika. Sifongo iliyokauka dukani ni hii, kama sabuni na taulo. Mwandishi anayeandika "sifongo huyu" amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuleta ushahidi wowote.

Jibu la kale lilikuwa la sifa. Kwa Aristotle, mmea hula na kukua. Mnyama hufanya hayo na kuongeza hisi, na hisi ya kwanza ni ya kugusa. Sifongo alimtia taabu. Katika kitabu chake juu ya wanyama alieleza kwamba sifongo hudhaniwa kuwa na hisi kidogo, kwa kuwa ni vigumu kumng'oa asipoviziwa. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9, na hoja ikaendelea mikononi mwa Waislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliipambanua nafsi ya mnyama kwa nguvu mbili, kuhisi na kujongea kwa hiari, na akaifanya hisi ya kugusa kuwa ile ambayo mnyama akiikosa hawi mnyama tena.

Kutokana na mizani hiyo ikajengwa picha ya ngazi ya maumbile: madini chini, kisha mimea, kisha wanyama, kisha mwanadamu, na katika kila kiungo kiumbe mmoja anayezishika ngazi mbili. Ikhwan al-Safa wa Basra, katika karne ya 10, waliuweka mtende kwenye kilele cha mimea, mlangoni kabisa pa wanyama. Miskawayh alisema hivyohivyo. Nizami Aruzi, aliyeandika kwa Kiajemi katika karne ya 12, alitaja viungo viwili pamoja: marjani inayounganisha jiwe na mmea, na mtende unaounganisha mmea na mnyama. Al-Qazwini katika karne ya 13 naye aliiona marjani kuwa kati ya madini na mimea, ngumu kama jiwe na yenye matawi kama mti. Ibn Khaldun, katika Muqaddima ya mwaka 1377, aliwaweka konokono na kombe mwanzo wa wanyama kwa sababu hawana ila hisi ya kugusa.

Hoja ya mtende haihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Nizwa au Ibra, nchini Oman. Mitende inayonyweshwa na Falaj Daris ina dume na jike, na kila mwaka mkulima hupanda na chavua ya dume kuitia kwenye mashada ya jike, kazi ambayo Waomani huiita tanbit. Mtende ukikatwa kichwa hufa, wala hauchipui upya kama mti mwingine. Mtu anayeishi na mti wa namna hiyo ana haki ya kuushuku kuwa una jambo zaidi ya umea. Kumbe mtende ni mmea mtupu, na marjani, iliyoshushwa ngazi mbili hadi kwenye mawe, ni mnyama kamili. Wanafalsafa walikosea pande zote mbili kwa mizani ileile. Hata hivyo wana udhuru, kwani marjani iliwafikia ikiwa ushanga. Kinachovaliwa shingoni ni kiunzi, na aliyekijenga alikwisha kufa kabla ya sonara kukigusa. Hata jina lilikuwa na utata: Surat ar-Rahman inataja lulu na marjani, na wafasiri wengi walilichukua neno la pili kuwa lulu ndogo.

Tofauti zenyewe zinaonekana vizuri zaidi baharini. Mwili wa sifongo ni mfereji. Maji huingia kwa matundu madogo yasiyohesabika, hupita kwenye vyumba vyenye seli za kola, kila moja ikiwa na kijiuzi kimoja kinachopiga mkupuo bila kupumzika, kisha hutoka kwa tundu kubwa juu. Kola hizo hunasa bakteria na chembe za chakula, na kila seli hula inachokinasa au humpa jirani. Hakuna mdomo, tumbo, msuli wala mshipa wa fahamu. Kinachoushikilia mwili ni vijiti vidogo vya silika, yaani kioo, au vya chokaa, pamoja na nyuzi laini za protini, ambazo ndizo zilizowapa watu sifongo wa kuogea. Seli zake nyingi zinaweza kubadili kazi: iliyokuwa ngozi leo yaweza kesho kutambaa ndani na kuwa kitu kingine. Sifongo ni mji ambao wakazi wake wote wanaweza kubadilishana vyeo. Ng'amba huwala sifongo hao na vioo vyao vyote, ilhali noa hutafuta konyeza. Kasa walikwisha kuzitenga faila mbili hizi kwa meno, kama wangekuwa nayo.

Knidaria wamejengwa kwa mpango mwingine. Wana tishu halisi mbili, ngozi ya nje na ya ndani, na katikati yake utando kama jeli, ambao kwa konyeza ndio sehemu kubwa ya mwili. Ndani mna tumbo moja lenye mlango mmoja, na mlango huo huingiza chakula na kutoa taka. Mwili umepangwa kwa duara, kama mwavuli au ua, bila kulia wala kushoto kwa maana ya kawaida. Wavu wa mishipa ya fahamu umeenea mwili mzima pasipo ubongo, na konyeza akiguswa ukingoni mwavuli wote hujikunja. Kisha kuna silaha inayolipa kundi jina lake: seli zenye kibonge na uzi uliosokotwa, ambao katika haidra hufyatuka kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde na kuchoma sumu. Hakuna sifongo mwenye silaha hiyo.

Matumbawe ni Knidaria wasiotembea. Kila tundu dogo katika jiwe la tumbawe ni nyumba ya mnyama mwenye mdomo na minyiri, ambayo wengi wao huitoa usiku kuwinda. Kisiwa cha Masirah, kilicho katika mkoa wa Sharqiyah Kusini, kina miamba ya matumbawe aina ya Montipora yaliyotanda kama majani ya kabichi, katika bahari ambayo kusi huipandishia maji baridi kutoka vilindini kila kiangazi. Ndani ya tishu za matumbawe hayo wanaishi miani wa seli moja wanaotengeneza chakula kwa jua na kumgawia mwenyeji sehemu kubwa. Al-Qazwini aliyeona mti katika marjani alikosa kuhusu mwenye nyumba. Katika matumbawe ya namna hii, wapangaji kweli wanaishi kwa jua kama mimea.

Ilichukua zaidi ya karne moja na nusu kuzitenganisha habari hizi. Mnamo miaka ya 1720 daktari Jean-André Peyssonnel wa Marseille, akichunguza marjani katika pwani ya Maghrib, aliona kwamba yale yaliyoitwa maua yake hujikunja yakiguswa, akasema ni wanyama. Mwanachuoni mkubwa Réaumur aliiwasilisha hoja hiyo Paris mwaka 1727 bila kumtaja mwenyewe, kwa kuwa aliona ni jambo la kumwaibisha. Heshima ya namna hiyo ni bora ikose kupatikana. Sifongo walingoja zaidi. Robert Grant alikuwa Edinburgh mwaka 1825 alipoona kwa hadubini maji yakitoka katika tundu la sifongo hai kama chemchemi, na shaka juu ya umea wao ikaanza kuondoka. Ila walipokubaliwa kuwa wanyama, walipewa chumba kimoja na konyeza. Mwaka 1847 Rudolf Leuckart aliunda kundi la Coelenterata, wenye mwili wa uwazi, na sifongo wakatiwa humo. Berthold Hatschek ndiye aliyeligawa mwaka 1888 kuwa makundi matatu: sifongo, Knidaria na Ktenofora. Hawa wa tatu ni viumbe wa jeli wanaoogelea kwa safu za vinyweleo mithili ya chanuo. Hatschek aliona kwamba uwazi wa sifongo ni njia ya maji na uwazi wa konyeza ni tumbo, na vitu viwili vinavyofanana kwa kuwa vitupu havina udugu kwa sababu hiyo.

Hapo swali liligeuka lote. Uainishaji wa leo hauulizi kiumbe anaweza nini. Unauliza ametoka kwa nani. Wazo hilo si geni Ibra. Aliyezaliwa Unguja akarudi Oman katika miaka ya 1970, Kiswahili kikimtoka kwa wepesi kuliko Kiarabu, alibaki Mharthi au Mbarwani kwa baba zake. Ulimi haukumtoa katika kabila, na jirani aliyezijua mila zote za kabila hakuingia kwa kuzijua. Waarabu wa kale walikuwa pia na elimu ya qiyafa, ya kumtambua mtoto na baba yake kwa kutazama nyayo na maumbile. Wanabiolojia walifanya qiyafa kwa seli za kola: zinafanana mno na viumbe fulani wa seli moja wa majini, ambao uchunguzi wa vinasaba baadaye uliwathibitisha kuwa jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wote. Mwaka 2010 jenomu ya sifongo wa Australia aitwaye Amphimedon queenslandica ilisomwa. Humo zilikutwa jeni nyingi ambazo kwa wanyama wengine hutumika kuunganisha mishipa ya fahamu. Vifaa vya ujenzi vilikuwapo kwa mtu asiyejenga nyumba.

Nguvu ya nasaba dhidi ya sifa ilidhihirika mwaka 1995, alipotangazwa sifongo wa pango la Mediterania anayekula nyama. Hana mfereji, hana seli za kola; ana nyuzi zenye ndoano za kioo zinazonasa vijidudu wa jamii ya kamba, kisha seli humzunguka aliyenaswa na kummeng'enya. Kwa mizani ya Aristotle, na hata ya Grant, huyo amepoteza kila kilichomfanya awe sifongo. Hakuna aliyemfukuza. Ukoo wake unajulikana.

Lakini nasaba nayo huhitaji mashahidi, na wa kale zaidi wanapatikana ardhini. Oman imo katikati ya shauri hilo. Chini ya jangwa la kusini mwa nchi, katika matabaka ya Huqf ambayo sehemu zake hujitokeza pia katika Jabal Akhdar juu ya Nizwa, kuna mawe na mafuta yaliyofungiwa na chumvi tangu kabla ya enzi ya Kambri. Mwaka 2009 Gordon Love na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba mawe hayo yana mabaki ya kemikali ya steroli ambayo leo hutengenezwa hasa na kundi moja la sifongo. Walisema mabaki hayo yapo tangu kabla ya miaka milioni 635 iliyopita. Ikiwa ni hivyo, Oman ina alama ya mnyama iliyo ya kale kuliko mfupa au gamba lolote. Ushahidi huo umepingwa: watafiti wengine walionyesha kwamba steroli za kawaida za miani zikipikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka zinaweza kugeuka kuwa kemikali ileile. Ni kama shahidi wa nasaba ambaye sahihi yake inaweza kuigwa na joto. Wakili yeyote angeomba shahidi wa pili.

Katika sehemu ya juu ya matabaka hayohayo, karibu na mwanzo wa Kambri, kuna visukuku vya Cloudina, mirija midogo ya chokaa iliyopachikwa mmoja ndani ya mwingine. Kwa muda mrefu ilifikiriwa kwamba huenda waliokaa humo walikuwa Knidaria, nao udugu wao ungali ukibishaniwa. Na mwaka 2023 ulinganisho wa mpangilio wa jeni katika kromosomu uliwaweka Ktenofora, wale wa chanuo, kuwa tawi la kwanza kujitenga na wanyama wengine wote, kabla ya sifongo. Ktenofora wana mishipa ya fahamu. Basi ama mishipa hiyo imezuka mara mbili, ama babu wa sifongo alikuwa nayo au na asili yake, na wajukuu wakaiacha. Katika hali ya pili, unyamavu wa sifongo haungekuwa utoto wa wanyama. Ungekuwa urithi uliotupwa.

Nasaba, kwa vyovyote, hailitatui swali la nafsi. Mwaka 1740 Abraham Trembley alianza kuchunguza haidra wa maji baridi nchini Uholanzi. Alimkata vipande, na kila kipande kikawa haidra mzima. Wanafalsafa wa Ulaya waliingiwa na fadhaa: ikiwa mnyama ana nafsi moja isiyogawanyika, kisu kilikata nini? Sifongo aliliongezea swali hilo ukali. Mwaka 1907 H. V. Wilson wa Marekani alimkamua sifongo hai katika kitambaa cha hariri hadi akawa uji wa seli zilizoachana. Seli zikatambaa, zikatafutana, zikaungana kuwa sifongo wadogo wanaokula na kukua. Mtu aliyefuata hoja ya Ibn Sina angekuwa na njia ya kujibu kuhusu haidra, kwa kusema kwamba nafsi ya mnyama, tofauti na ya mwanadamu, imechapwa katika mwili na hufuata migawanyiko ya mwili. Kuhusu sifongo aliyekuwa uji ni vigumu zaidi, kwa sababu katikati ya jaribio hilo kuna saa ambapo seli zote zi hai na mnyama hayupo.

Vitabu vya fiqhi vina mgawanyo mwingine, unaopita pembeni ya huu wote. Katika milango ya tohara wanazuoni hutenganisha viumbe wenye nafsi inayotiririka na wasio nayo, na nafsi hapo ina maana ya damu. Nzi au nge akifa majini hayanajisi maji, kwa kuwa hana damu ya kutiririka. Sifongo hana damu, na konyeza hana. Hatschek aliwatenganisha, kwa mizani hii wanarudi upande mmoja. Katika mlango wa chakula, madhehebu mengi huhalalisha wanyama wa bahari kwa upana, nao Wahanafi hubakiza samaki tu, kwa hiyo konyeza anayeliwa Asia ya Mashariki huangukia kwenye hitilafu hiyo. Na katika suala la picha, pale Ibn Abbas anaporipotiwa kumruhusu mchoraji kuchora miti na visivyo na roho, mwenye kuchora mwamba wa Masirah ana tatizo ambalo mchoraji wa mtende wa Nizwa hana. Faqihi anayejibu masuala haya hahitaji ukoo wa kiumbe. Anahitaji sifa zake: ana damu, ana uhai wa hisi, anajongea?

Kwa hiyo mizani ya Aristotle haikufa, ilihamishwa kazi. Na ikitumiwa leo kwa sifongo, haileti jibu alilolitarajia mtu aliyesoma kwamba hana mishipa ya fahamu. Sifongo wa jenasi ya Tethya wamerekodiwa wakijikunja na kutanuka kwa mdundo, na sifongo wa maji baridi akikorogewa tope hufunga mifereji yake na kisha huisukuma taka nje, tendo ambalo watafiti wamelifananisha na kupiga chafya. Ishara hupita kutoka seli hadi seli kwa kemikali. Konyeza akiguswa hujibu papo hapo. Sifongo huchukua dakika nyingi, na mzamiaji aliyemgusa huwa amekwisha kuondoka.